Usimjibu Daktari "Sijambo"

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya baiskeli,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa binti yangu Mlingoti,

Hujambo? Usijibu kwanza. Kosa wanalolifanya watu wengi ni kulijibu swali hilo kabla halijamalizika kuulizwa. Mtu anakwenda kwa daktari akichechemea, anaulizwa hali, anasema nzuri. Anaulizwa mgongo, anasema haujambo. Kisha anarudi nyumbani akinung'unika kwamba daktari hakumtibu. Salamu ni adabu, mwanangu, lakini adabu ya mlangoni haifai kubebwa mpaka kitandani pa kupimiwa.

Nalisema hili mapema kwa sababu barua yako ninayo hapa mezani. Mstari wa kwanza unasema, "Mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwenu tu." Chini kidogo unasema mguu wa kushoto unakufa ganzi ukisimama kwa muda, na kwamba asubuhi unafunga kamba za viatu ukiwa umelala chali. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote na sijapata kuona mzima wa namna hiyo.

Basi mimi Baba yako Mkubwa nitakupa hali ya huku kwa ukweli, ili uone kwamba inawezekana. Macho yangu yamepungua nguvu, ndiyo maana herufi hizi ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Meno yaliyobaki yanaelewana. Mama Mkubwa wako amenenepa, analala vizuri, na anaimba akishona. Goti lake nitalieleza mbele kidogo kwa sababu ndilo lililonituma niandike. Baba yako amepaka rangi mlango wa mbele. Yeye anasema ni kijani, sisi wengine tunaona buluu, na tumeamua kuishi kwa amani.

Nimeandika kwa mkono kwa kuwa simu inanikata maneno katikati. Dada yako, mwanangu wa kwanza, ataipiga picha barua hii na kukutumia leo hii hii. Posta haina haraka, na uchunguzi wako wa afya kazini ni Alhamisi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Dada yako ameniambia umeamua kwenda Alhamisi na kusema huumwi kitu. Ameniambia na sababu. Mgongo wako ulipinda tangu usichana, na unaogopa wakilijua hilo watasema ugonjwa ni wako na kazi haihusiki, kisha wakuondoe.

Nakumbuka siku ile daktari alipotuonyesha picha ya eksirei, wewe umesimama pembeni na sare ya shule. Pingili za mgongo zilikuwa zimekwenda upande kidogo, kama ukuta uliojengwa na fundi mwenye haraka. Baba yako alishika kichwa. Daktari akamwambia, "Mzee, ukuta huu haujaanguka. Mwache acheze." Ukacheza. Uliruka kamba, ulibeba wadogo zako mgongoni, ulichota maji, ulifika kwenye kazi hiyo ya kuwahudumia wazee ukiwa umenyooka kuliko sisi sote, na jina la Mlingoti halikukutoka. Mgongo ulikuwa umepinda, lakini ulikuwa unafanya kazi. Liweke hilo kichwani, nitalirudia.

Halafu umeniandikia kwamba zamani mlikuwa mkimwinua mgonjwa wawili wawili, mmoja mabegani na mmoja miguuni. Sasa mwenzako amehamishwa, hakuletwa mwingine, na vitanda viko chini mno kwa mtu wa urefu wako. Unainama peke yako, unainua peke yako, unamgeuza mtu mzima peke yako, zamu baada ya zamu. Ganzi ya mguu ilianza baada ya hapo. Uliniandikia haya yote kwa mstari mmoja, kana kwamba ni habari za hali ya hewa.

Naelewa pia umepata washauri. Yule mpishi wa hapo kazini amekwambia, "Nyamaza, dada. Wakijua ulikuja na mgongo mbovu, watasema umeuleta kutoka kwenu pamoja na sanduku." Yule mlinzi naye amekwambia useme ulikuwa mzima kabisa mpaka wiki iliyopita. Nimewapima wote wawili na sikuona aliye na nia mbaya. Wanakupenda. Ila mmoja anakufundisha kuficha na mwingine anakufundisha kudanganya, na wote wanadhani fidia ya wafanyakazi ni zawadi ya watu waliokuwa wazima.

Hebu nikueleze kwa kiti. Unakikumbuka kile kiti cha sebuleni chenye mguu uliolegea? Tulikikalia miaka na miaka. Kila mtu wa nyumba hii alijua kukikalia: unaegemea kushoto, huchezi. Siku moja shemeji yangu, ndugu wa Mama Mkubwa, akaja na mfuko wa saruji begani, akatafuta pa kuutua, akautua juu ya kiti. Kikaenda chini kwa kishindo. Shemeji akajitetea mara moja: "Kiti chenyewe kilikuwa kibovu." Mama Mkubwa akamjibu, "Kilikuwa kibovu, lakini asubuhi nimekikalia na kunywa chai. Wewe kakae sasa."

Hapo ndipo ilipo hoja yote, Mlingoti. Shemeji alisema kweli, na Mama Mkubwa alisema kweli. Kiti kilikuwa na ubovu wake wa zamani, na saruji ikauongeza mpaka kisikalike. Mwisho wake shemeji alilipa mguu mpya. Hakununua kiti kizima, wala hatukumdai kiti kizima, na tungekuwa wajeuri kumdai. Lakini hakuondoka hivi hivi kwa kusema "kilikuwa kibovu." Katika sehemu nyingi fidia ya kazini huenda kwa hesabu ya namna hii. Hawaulizi tu kama ulikuwa mzima kama siku ya kuzaliwa. Wanauliza pia kama kazi imeuzidishia ugonjwa ule uliokuwa nao, na kwa kiasi gani. Sheria za huko sizijui neno kwa neno, kwa hiyo waulize chama cha wafanyakazi au ofisi yenyewe ya fidia. Ila usikubali mpishi akutungie sheria.

Ulikuwa umeshaondoka nyumbani wakati goti la Mama Mkubwa lilipotuzungusha maofisini, na naona hakuna aliyekusimulia vizuri. Alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kule chini, ambako mashine zinanguruma na sakafu haikauki. Alitoa mashuka mashineni yakiwa mabichi, akayasukuma kwa toroli mpaka kwenye lifti, yakapanda juu kwa wapiga pasi. Goti lake la kulia lilikuwa na mambo yake. Alianguka ngazini akiwa msichana, na tangu siku hiyo lilikuwa likitoa mlio kila akisimama, na lilikuwa likitangaza mvua kabla ya redio. Lakini alilitumia. Alipanda, alishuka, alipiga magoti akasugua sakafu, na kwenye harusi ya dada yako alicheza mpaka wapiga muziki wakaomba kupumzika.

Kisha lifti ikafa. Walisema fundi anakuja. Fundi huyo nadhani yuko njiani mpaka leo. Mashuka yakaanza kupandishwa kwa ngazi, yamefungwa mafurushi, begani. Hujui uzito wa shuka mpaka ulibebe likiwa bichi. Polepole goti likavimba mpaka likapoteza sura ya goti.

Akapelekwa kwa daktari wa kazini. Nilikwenda naye, nikaketi kwenye benchi la pembeni, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, daktari. Za kazi?"

"Nzuri. Goti linaendeleaje?"

"Linaendelea vizuri, tunashukuru."

"Lina maumivu?"

"Si sana. Ya kawaida tu."

"Uliwahi kuumia hapo zamani?"

"Hapana, hapana."

Kila neno daktari aliliandika, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mimi pale pembeni nilikohoa mpaka nesi akaniletea maji. Njiani nikamuuliza mke wangu alikuwa na nini. Akasema, "Mtu amekusalimia kwa heshima, utamwanzia na kilio?" Nikauliza, na lile la kuanguka? Akasema, "Ningelitaja, wangenirudisha nyumbani na goti langu." Unaona? Alizungumza kama wewe.

Jibu la mfuko wa fidia likaja. Walisema mwenyewe amekiri goti linaendelea vizuri. Tena eksirei ilionyesha gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, limelika kwa miaka mingi, na yeye alisema hakuwahi kuumia, kwa hiyo hata yale aliyosema kweli hayakuaminiwa. Mfupa, mwanangu, haujui salamu. Ukipigwa picha unasema yote. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Siku hizi hakingojwi kilio, eksirei inatosha.

Tukaomba shauri lisikilizwe upya. Safari hii Mama Mkubwa alikuja na mwenzake wa kazini tunayemwita Bibi Pasi, kwa sababu kupiga pasi ndiyo kazi yake na ulimi wake una moto kuliko hiyo pasi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Poleni na ngazi," akasema. "Mama, habari za goti?"

"Nzuri tu, mwanangu, tunamshu..."

"We mama," Bibi Pasi akamkata, "umekuja kushtaki au umekuja kutembea? Kama ni nzuri twende zetu, nimeacha mashuka ya watu."

Afisa akacheka, akavaa miwani. "Mama, salamu tumemaliza. Sasa nauliza kama mtu asiyekujua. Goti lilikuwaje kabla lifti haijaharibika, na leo likoje?"

Mama Mkubwa akanitazama. Nikatazama dari, maana aliye kwenye mtihani hapewi jibu. Akaanza polepole. Alianguka akiwa msichana, ndiyo. Goti lilikuwa likilia, ndiyo. Mbele ya daktari alikana kwa sababu aliogopa, ndiyo. Nilidhani sasa tumekwisha.

"Kwa hiyo lilikuwa bovu tangu zamani," afisa akasema.

"Lilikuwa bovu," akajibu, "lakini lilikuwa bovu langu, tumezoeana. Hili la sasa silijui."

Afisa akaacha kuandika akamtazama. Akamuuliza alikuwa akifanya nini zamani ambacho sasa hawezi. Hapo mlango wa maneno ukafunguka. Alisema habari za kusugua sakafu, za kupanda na furushi na kupumzika katikati akijifanya anamsubiri mtu, za kulala na mto chini ya goti. Alisema mambo ambayo mimi nilalaye naye chumba kimoja sikuyajua. Bibi Pasi alikuwa akiitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi, kama mtu aliye kwenye mahubiri mazuri.

Tukaambiwa tusubiri jibu, tukaaga. Afisa naye akatoka nyuma yetu kwenda kunywa chai. Mama Mkubwa alipofika kwenye ngazi akageuka, akatuelekezea uso, akashika chuma kwa mikono miwili na kuanza kushuka kinyumenyume.

"Mama," afisa akasema, "tangu lini unashuka hivyo?"

"Hivyo vipi?" Alikuwa amesahau kwamba watu hawashuki ngazi hivyo.

"Tangu tuanze kubeba mafurushi," Bibi Pasi akamjibia. "Kazini tunamwita Rivasi."

Afisa hakuenda kunywa chai. Alirudi mezani kwake.

Baada ya hapo Mama Mkubwa akatumwa kwa daktari wa mifupa, akaulizwa upya, na safari hii akajibu. Mfuko ukakubali kwamba goti lilikuwa na ugonjwa wake na kazi ikauzidisha. Wakagharamia matibabu, wakamlipa fidia kwa ile sehemu iliyoongezwa na mafurushi. Mguu wa kiti, si kiti kizima. Na hospitali ikamhamishia chumba cha kushona, ambako anaziba mashuka yaliyochanika, ameketi, dirisha liko wazi, na Bibi Pasi anapita kumletea umbea. Ananiambia hii ndiyo kazi aliyokuwa akiitaka tangu mwanzo, ila hakujua kwamba goti ndilo litakalomwombea.

Sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Siwezi kukuapia kwamba msimamizi wako atafurahi, wala kwamba utalipwa, wala kwamba watakuletea mwenzako kesho. Ninachojua ni hiki. Ukinyamaza, utaendelea kuinua peke yako, na ganzi iliyoanzia mguuni haitaishia hapo. Siku moja mgonjwa atakuponyoka, au mgongo utakushinda ukiwa umembeba, na siku hiyo karatasi ya Alhamisi itasema ulikuwa huumwi kitu. Tena taarifa za namna hii zina muda wake. Muda ukipita, hata mwenye haki hugeuka mwenye hadithi.

Ukidanganya kwamba mgongo ulikuwa mnyoofu, picha yako ya usichana itakukana, kama goti lilivyomkana Mama Mkubwa.

Basi Alhamisi daktari akikuuliza, mpe vyote viwili kwa pamoja wala usivitenganishe. Mgongo ulipinda tangu zamani, na ulikuwa unafanya kazi. Sema uliweza nini kabla mwenzako hajahamishwa, na sasa huwezi nini. Usiseme "unauma" tu, maana maumivu ya kila mtu yanafanana kwa masikio. Sema viatu. Habari ya kufunga kamba ukiwa umelala chali ni kama ile ngazi ya Mama Mkubwa: umeizoea mpaka unaona ni kitu cha kawaida, kumbe ndiyo ushahidi wako mkubwa. Na muombe yule mwenzako aliyehamishwa akumbuke mlivyokuwa mkiinua pamoja. Anaweza kuwa Bibi Pasi wako.

Mengine ya nyumbani ni mazuri kweli, si mazuri ya salamu. Mdogo wako amepata nafasi kwenye duka la dawa na amenunua miwani asiyoihitaji ili aonekane msomi. Kile kiti bado kipo, mguu mpya ni wa mti mwingine na kimeuzidi umri, lakini kinakalika. Shemeji akija hukaribishwa hapo hapo.

Baba yako anakusalimu na anauliza kama huko milango ya kijani ipo. Dada yako anakusalimu, na amesema nisisahau kuandika kwamba hakukusengenya, alinishauri tu. Mama Mkubwa anakusalimu kwa mikono miwili. Msalimie mpishi na mlinzi, uwaambie mzee wako amewashukuru kwa mapenzi yao na amewanyima maksi.

Mungu akulinde uinukapo na uinamapo, akupe kinywa kisichoona haya kusema ukweli wa mwili wako. Akurudishe kwetu siku moja ukiwa mrefu kama ulivyoondoka.

Ni mimi nikupendaye tangu ulipokuwa hujafika urefu wa meza,
Baba yako Mkubwa.

Nyongeza: Mama Mkubwa ameisoma barua hii yote, akasema nimefundisha sana na sijakwambia la kufanya. Haya, amesimama hapa nyuma yangu, naandika asemavyo. Leo, kabla hujavua viatu vya kazi, nenda kwa msimamizi wako wa zamu. Akikuambia hujambo, mwambie: "Sijisikii vizuri. Mgongo wangu wa zamani umezidi tangu nianze kuwainua wagonjwa peke yangu, na naomba uandike kwamba nimekwambia."